Pembeni mwa Turubai: Watoto wa Kazi wa Durban katika Picha za Karne ya 19

Katika karne ya 19 wachoraji wa London, Paris na New York walimfanya mtoto wa kazi wa mitaani kuwa mhusika wa kudumu wa picha zao: mng'arisha viatu, mfagia njia, muuza maua na muuza magazeti walichorwa kwa rangi za mafuta, wakatundikwa katika maonyesho makubwa ya kila mwaka, kisha wakanakiliwa kwa mitambo ya chapa na kuuzwa kwa watu wasioweza kununua turubai lenyewe, yaani kitambaa kizito ambacho mchoraji hukichorea. Katika kipindi hichohicho Durban, bandari ya koloni la Uingereza lililoitwa Natal, ilikuwa ikikua kutoka kituo kidogo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na kuwa mji wenye reli, gati na mitaa ya maduka, na sehemu kubwa ya kazi za mitaa hiyo na za nyumba zake ilifanywa na watoto. Watoto hao hawakupata mchoraji wao. Sababu haikuwa uhaba wa watoto wala uhaba wa wachoraji, kwa maana wote walikuwapo. Sababu ilikuwa mnunuzi, ambaye katika London alitaka kumwona mtoto maskini ukutani mwake, na katika Durban alitaka kuona kitu kingine kabisa.

Aina ya uchoraji inayozungumziwa hapa ni ile ya maisha ya kila siku, ambayo mhusika wake si mfalme, mtakatifu wala shujaa wa vita, bali mtu wa kawaida aliye katika shughuli zake. Chimbuko la tawi lake linalohusu watoto maskini hutafutwa Sevilla, Hispania, katika karne ya 17, ambako Bartolomé Esteban Murillo aliwachora watoto wenye nguo zilizochakaa wakila matunda, wakicheza na kuhesabu vijisenti vyao. Mojawapo ya picha hizo, iliyochorwa yapata mwaka 1670 na ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Dulwich, kusini mwa London, inastahili kutazamwa kwa makini na msomaji wa Kiafrika. Wavulana wawili wa Kizungu wako chini, mmoja akiikinga kwa mkono keki yake asinyang'anywe na mwingine akicheka, na mbele yao amesimama mvulana Mwafrika mwenye mtungi begani, akinyoosha mkono kuomba kipande. Kati ya watatu hao, aliye kazini ni huyo mmoja. Inadhaniwa kwamba aliyekaa mbele ya mchoraji kwa ajili ya sura hiyo ni Martín, mtoto wa mwanamke mtumwa wa nyumbani mwa Murillo mwenyewe. Jumba la Dulwich lilifunguliwa kwa umma mwaka 1817, na wanafunzi wa uchoraji wa Uingereza walikwenda huko kunakili kazi za mabwana wa zamani, kwa hiyo mtoto mwenye mtungi alikuwa mbele ya macho yao muda mrefu kabla hawajaanza kuwachora watoto wa mitaa yao wenyewe.

Walipoanza, malighafi ilikuwa tele. Viwanda na uhamiaji kutoka mashambani viliijaza London watoto waliojitafutia riziki, na mwandishi wa habari Henry Mayhew, katika uchunguzi wake mkubwa juu ya kazi za maskini wa mji huo uliotoka mwaka 1851, alizungumza hata na msichana wa miaka minane aliyekuwa akiuza mboga za majani barabarani tangu alfajiri. Miaka saba baadaye William Powell Frith alichora picha ya mfagia njia: mvulana peku, ufagio mkononi, anagusa paji la uso kumsalimu bibi mwenye gauni pana anayetaka kuvuka barabara. Kazi ya mtoto huyo ilikuwa kusukuma kando tope na mavi ya farasi ili pindo la gauni lisichafuke, na malipo yake yalitegemea huruma ya mpita njia. Augustus Edwin Mulready naye aliishi karibu maisha yake yote ya usanii kwa somo hilohilo, na katika picha yake ya mwaka 1871 yenye jina lenye maana ya "wasiojaliwa" msichana muuza maua anamtazama mtazamaji usoni, huku nyuma yake, juu ya ukuta uliojaa matangazo yaliyochanika, limebandikwa tangazo linalotaja ushindi wa Ukristo. Kejeli hiyo ni kali kuliko kawaida ya wakati wake. Picha nyingi zaidi zilikuwa tamu: mashavu mekundu, matambara yaliyopangika vizuri, macho makubwa yanayoomba bila kulaumu.

Namna matambara hayo yalivyopatikana ilielezwa bila kificho na mchoraji Dorothy Tennant, aliyetoa mwaka 1890 kitabu cha michoro ya watoto wa mitaani wa London, ambao Waingereza wa siku zile walizoea kuwaita "Waarabu wa mitaani" kwa dhana yao kwamba Mwarabu ni mtu wa kutangatanga tu, dhana ambayo msomaji wa Mombasa au Unguja, mwenye majirani Waarabu waliokaa na maduka yao kwa vizazi, ataiona kichekesho. Katika utangulizi wa kitabu hicho anawashauri wachoraji wenzake wawe na akiba ya nguo zilizochakaa, zilizofukizwa na kutiwa kafuri na pilipili ili zisilete wadudu ndani ya nyumba. Asiye na akiba hiyo anaelekezwa njia nyingine: amtafute mvulana wa kawaida, ampe peni sita na kumwahidi peni sita nyingine akimletea mwenzake aliyechakaa kumzidi, kisha huyo wa pili naye aagizwe vivyo hivyo, mpaka mlolongo ufike kwa mtoto ambaye mchoraji anamtaka. Tennant hakuwa mtu mkatili. Alilalamika kwamba wenzake waliwachora watoto hawa kama viumbe wa kulia tu, na yeye alitaka kuonyesha michezo na ucheshi wao. Lakini maelekezo yake yanafichua jinsi kazi ilivyofanyika: umaskini wa pichani ulitafutwa, ukapimwa kwa peni, ukachaguliwa na kutunzwa kabatini.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Julai, Tennant aliolewa na msafiri mashuhuri wa Afrika Henry Morton Stanley katika kanisa la Westminster Abbey, na kwa ndoa hiyo historia ya picha za watoto wa London ikagusana na historia ya Afrika Mashariki. Stanley, alipokuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, katika safari yake ya kumtafuta mmisionari David Livingstone mwaka 1871, alipewa na mfanyabiashara Mwarabu mtoto mtumwa ambaye yeye Stanley alimbadilisha jina na kumwita Kalulu. Mtoto huyo alimbebea bunduki na kumhudumia mezani, akafuatana naye hadi Ulaya, na mwaka 1872 wakapigwa picha pamoja katika studio ya London, mbele ya pazia lililochorwa mandhari ya kubuni ya Afrika. Picha hiyo iliuzwa kama kadi. Kalulu alizama katika maporomoko ya mto Kongo mwezi Machi 1877, akiwa bado kijana mdogo, na Stanley akayapa maporomoko hayo jina lake. Mtoto wa kazi kutoka bara la Afrika, basi, aliuzwa kwa picha katika London kabla ya mke wa baadaye wa bwana wake kutoa kitabu chake.

Wafaransa walikuwa na mkono mzito zaidi. Jules Bastien-Lepage, alipozuru London mwaka 1882, alimchora mng'arisha viatu aliyeegemea nguzo ya barabarani, mikono ikiwa imechafuka, uso umechoka, na magari ya farasi yakipita nyuma yake bila kumjali. Fernand Pelez alikwenda mbali kuliko yeye: katika picha ya mwaka 1885 iliyomo katika jumba la Petit Palais, Paris, mtoto muuza maua amelala kwenye kizingiti cha mlango, peku, mdomo wazi, sinia la maua likiwa bado limening'inia shingoni, naye amelala usingizi mzito kiasi kwamba mtazamaji hana budi kujiuliza kama ni mzima. Pelez hakutajirika. Aliyetajirika ni John George Brown wa New York, Mwingereza wa kuzaliwa, ambaye wang'arisha viatu wake wanatabasamu, wanapiga soga na kuonyeshana mazingaombwe ya karata. Soko lilitoa hukumu yake waziwazi: mnunuzi alikuwa tayari kumweka mtoto maskini sebuleni, mradi mtoto huyo asimharibie chakula cha jioni.

Durban haikuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Mji huo, ambao kwa Kizulu huitwa eThekwini, ulipewa jina lake la kikoloni mwaka 1835 kwa heshima ya Benjamin D'Urban, gavana wa Koloni la Rasi, na Uingereza ikaitwaa Natal mwaka 1843. Walowezi walikuwa wachache katikati ya Waafrika wengi, nao walihitaji watu wa kuwafanyia kazi kuliko walivyohitaji kitu kingine chochote. Njia mojawapo ya kuwapata ilikuwa kodi: kuanzia mwaka 1849 kila nyumba ya Mwafrika ilitozwa shilingi saba kwa mwaka, na mwaka 1875 kiwango kikapandishwa hadi shilingi 14. Aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza aliweza kulipa bila kuondoka kwake. Asiyekuwa nao alilazimika kwenda mjini au kumtuma mwanawe, na wanaume wengi waliokwenda walipendelea kuwa vibarua wa kulipwa kwa siku, jambo lililowaudhi walowezi kiasi kwamba vibarua hao walitungiwa kanuni na ushuru maalumu katika miaka ya 1870. Sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa kusini mwa Afrika na kufika Natal mwaka 1897, uliondoa hata ile njia ya kuuza mnyama.

Kazi ya mtoto iliyoonekana zaidi katika mitaa ya Durban ilikuwa ya uyaya. Wanawake wa Kizulu wa wakati huo hawakwenda kwa wingi kutumika katika nyumba za Wazungu, kwa kuwa kilimo kilichoilisha familia kilikuwa mikononi mwao na wakuu wa kaya hawakutaka kuwaachia. Kwa hiyo kazi ambayo pwani ya Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa ya mwanamke ilifanywa huko na wavulana. Walowezi waliwaita umfaan, kwa kuliharibu neno la Kizulu la mvulana. Mvulana huyo alivishwa kaptula na shati pana la marikani jeupe lenye utepe mwekundu au wa buluu kwenye mapindo, akasukuma kigari cha mtoto wa bwana wake hadi bustanini na ufukweni, akambeba alipolia na kumrudisha nyumbani kabla ya chakula. Ni mtoto aliyelea mtoto. Jumapili, siku ya mapumziko, wavulana hawa walitembea kwa makundi barabarani wakipiga vinanda vya mdomo, na mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya makundi hayo, yaliyojulikana kama amalaita, yakawa magenge ya mapigano yaliyowatia walowezi hofu. Wazungu waliokuwa wakimkabidhi mvulana mtoto wao mchanga siku sita za juma walimwogopa siku ya saba.

Kundi la pili lilitoka ng'ambo ya bahari. Tarehe 16 Novemba 1860 meli iliyoitwa Truro ilitia nanga Durban ikitoka Madras na wafanyakazi wa kwanza wa Kihindi waliofungwa kwa mkataba wa miaka mitano, na kufikia mwaka 1911, mpango huo ulipokoma, watu 152,184 walikuwa wameletwa hasa kwa ajili ya mashamba ya miwa. Mwanamume alilipwa shilingi kumi kwa mwezi katika mwaka wake wa kwanza, mwanamke nusu yake, na mtoto aliyeweza kufanya kazi alilipwa pungufu ya hapo. Familia zilizomaliza mikataba zilihamia pembezoni mwa mji, zikalima mboga na kuvua samaki, na watoto wao wakawa sehemu ya biashara ya vikapu iliyozunguka nyumba kwa nyumba na kujaa kwenye viwanja vya soko karibu na msikiti wa Grey Street.

Kundi la tatu lilikuwa dogo kwa idadi, lakini kwa msomaji wa Kiswahili ndilo la karibu zaidi. Tarehe 4 Agosti 1873, miezi miwili tu baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa ya Unguja, meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Briton iliingia Durban na watu 113 waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, watoto wakiwamo. Wengine walifuata, na kufikia mwaka 1880 walikuwa wamepita 500. Uhuru waliopewa ulikuwa na masharti: walikabidhiwa kwa ofisi iliyosimamia wahamiaji wa Kihindi, nayo ikawagawa kwa waajiri kwa mikataba ya miaka mitano, mtindo uleule wa mashamba ya miwa. Mji uliwaita Wazanzibari kwa sababu ya bandari walikopitia. Waliomaliza mikataba hiyo walijikusanya Bluff, kilima kinachoikinga bandari upande wa kusini, mahali paitwapo King's Rest, ambapo amana ya msikiti wa Grey Street iliwanunulia ardhi mwaka 1899. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi iliwaondoa hapo ikawapeleka Chatsworth, mtaa wa Wahindi, baada ya kuwaandikisha kama Waasia wa aina nyingine. Wamakua kuandikishwa Waasia ni jambo ambalo karani tu angeweza kulibuni.

Makundi hayo yote matatu yalipita mbele ya macho ya wachoraji. George French Angas alizuru Natal mwaka 1847, akaichora Durban ilipokuwa bado mchanga na vichaka, na mwaka 1849 akatoa London kitabu kikubwa cha picha za rangi chenye jina ambalo leo ni tusi lisilotamkwa hadharani Afrika Kusini. Vijana wa Kizulu wamo kwa wingi ndani yake, lakini wamevalia mavazi ya ngoma, shanga na manyoya, wamesimama kama vielelezo vya kabila. Mnunuzi wa kitabu cha bei ghali huko London alitaka kumwona Mzulu wa porini, si mvulana anayeosha vyombo jikoni. Thomas Baines, mchoraji mashuhuri kuliko wote waliopitia koloni hilo, alifuatana na Theophilus Shepstone, ofisa wa serikali ya Natal, kwenda kumtawaza Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, mwaka 1873, akafia Durban mwaka 1875 na kuzikwa katika makaburi ya West Street. Somo lake lilikuwa safari, mito, wanyama na mapigano.

Mfano unaoeleza zaidi ni wa Cathcart William Methven, Mskoti aliyekuja mwaka 1888 kuwa mhandisi wa bandari. Kwa miaka kadhaa alisimamia kazi ya kuondoa mchanga uliokuwa ukiziba mlango wa bandari, kazi iliyotegemea mamia ya mikono, na katika saa zake za mapumziko alichora mandhari, yaani picha ambazo mhusika wake ni nchi yenyewe: ghuba, vilima, anga na mwanga. Mandhari yake moja ya ghuba ya Durban ndiyo inayohesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya jumba la sanaa la mji huo, lililoanzishwa mwaka 1892. Uteuzi huo haukuwa wa bahati. Mlowezi aliyenunua au kupokea picha ya ghuba alipata uthibitisho kwamba nchi ile ni nzuri, ni tulivu na ni yake, ilhali mtoto wa kazi katikati ya picha angemkumbusha kodi, mikataba na malalamiko ya mishahara. Mwingereza wa London aliweza kumhurumia mfagia njia kwa sababu huruma hiyo ilimthibitishia wema wake bila kumdai chochote. Mwingereza wa Durban alikuwa akiishi na mtoto wa kazi ndani ya nyumba yake, akimlipa yeye mwenyewe, na hakuna anayependa kutundika ukutani hesabu zake za mishahara.

Yaliyobaki yaliachiwa kamera. Mwishoni mwa karne studio za Durban, zikiwamo za William Laws Caney na J. E. Middlebrook, zilipiga picha nyingi za Waafrika wa mjini na wa mashambani, na biashara ya postikadi iliposhamiri mnamo mwaka 1900 picha za namna hiyo zikasafiri duniani kote. Kipenzi cha postikadi kilikuwa mwanamume wa riksho, gari la magurudumu mawili la kukokotwa na mtu, ambalo lililetwa Durban mapema katika miaka ya 1890 na tajiri wa sukari Marshall Campbell. Mwenye riksho alivaa pembe na manyoya, akawa alama ya mji. Msomaji wa postikadi hizo anapaswa kuwa mwangalifu, kwa kuwa maandishi yake humwita mvulana hata mwanamume mwenye ndevu, na kwa desturi hiyo ya dharau mvulana wa kweli hupotea miongoni mwa watu wazima walioshushwa umri. Hupatikana pembeni. Katika picha ya familia ya kilowezi iliyopangwa barazani, bibi na bwana wakiwa katikati na watoto wao wamevaa nyeupe, mara nyingi kuna mvulana wa Kizulu aliyeshika mpini wa kigari au hatamu za farasi ukingoni kabisa mwa fremu, na maandishi ya chini yanayowataja wengine wote kwa majina humruka yeye.

Binti wa Marshall Campbell, Killie Campbell, aliyezaliwa mwaka 1881 na kulelewa katika mazingira hayohayo, alitumia maisha na mali yake kukusanya vitabu, maandiko na picha za Natal, na nyumba yake ya Muckleneuk ikawa maktaba ya chuo kikuu baada ya kifo chake mwaka 1965. Miongoni mwa kazi zilizohifadhiwa humo zimo za Gerard Bhengu, mchoraji wa Kizulu aliyezaliwa mwaka 1910, ambaye nyuso alizozichora kwa rangi za maji ni za watu wenye umri, fikra na tabia zao.

Jumba la sanaa la Durban lenyewe lilihamia katika jengo la halmashauri ya mji, lililofunguliwa mwaka 1910 na kujengwa kwa mfano wa lile la Belfast, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likapokea mamia ya vitu kutoka kwa Kanali Robert Whitwell, mkusanyaji wa sanaa wa Kiingereza. Mkusanyiko wake wa awali ulikuwa wa Waingereza wa enzi ya Victoria, pamoja na Wafaransa na Waholanzi. Kwa miongo mingi, basi, karne ya 19 iliyotundikwa katika mji huo ilikuwa karne ya 19 ya Ulaya, mpaka katika miaka ya 1970 jumba lilipoanza kukusanya ushanga wa Kizulu na vikapu vya eneo la Hlabisa kama sanaa. Mnamo mwaka 1979, ulioadhimishwa duniani kuwa Mwaka wa Mtoto, mpiga picha wa Durban Omar Badsha, mzaliwa wa mwaka 1945, alitoa kitabu cha picha za watoto wa Afrika Kusini kiitwacho Letter to Farzanah, alichokielekeza kwa binti yake. Watoto waliokuwa pembeni mwa fremu kwa zaidi ya karne moja waliwekwa katikati, na serikali ikakipiga kitabu hicho marufuku. Frith na Brown hawakuwahi kupewa heshima ya kuogopwa kiasi hicho.

Picha ambazo hazikuchorwa haziwezi kuchorwa leo, lakini nyaraka zipo. Orodha za meli zilizowaleta Wahindi zinamwandika kila abiria kwa namba, jina, jina la baba, umri, kijiji alikotoka, kimo na alama za mwilini, kovu la goti au doa la shavuni, na kwa wengi wa watoto waliomo hayo ndiyo maelezo pekee ya sura zao yaliyowahi kuandikwa. Nakala zake zimo katika kituo cha nyaraka cha Gandhi-Luthuli cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, upande wa pili wa mji. Wasimamizi wa jumba la sanaa wangefanya kazi ya maana kama wangeazima kurasa chache za orodha hizo, pamoja na kumbukumbu za wale watu 113 wa meli ya Briton, wakazitundika katika chumba kilekile cha picha za Kiingereza, kwa kimo cha macho na kwa fremu zilezile.